Kioo Chekundu cha Mtani Maganga

Jambo zima liligharimu jozi moja ya kandambili za bluu, saizi ya mguu wa mtoto wa darasa la nne, na miaka kumi na tisa ya mtu mwingine. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kumi na minane, nikafurahi kidogo, halafu nikakumbuka kuwa sikuuweka ule mwaka wa kwanza wa kungoja jibu. Mimi nauza vitunguu hapa Mikumi, jirani na stendi, na ukinionyesha gunia nitakwambia lina madebe mangapi kabla hujalifungua. Nimekosea mengi katika habari hii, lakini hesabu yake iko sawa.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Juzi nilishusha taa ya zamani iliyokuwa juu ya kabati la marehemu Bibi yangu, nikafungua kifuniko cha tangi lake ili niifute kabla ya kumkabidhi mtu. Mafuta ya taa yalishakauka humo miaka mingi, ila harufu ilikuwepo, imekaa pale pale kama mtu aliyeambiwa subiri. Nikaketi chini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi tena, nimekaa juu ya taruma la reli, na Mzee Maganga alikuwa akikata utambi kwa mkasi wake mdogo huku akinitukana.

Kunitukana ilikuwa haki yake. Sisi ni Wasagara, yeye Mnyamwezi, na hao ni watani wetu tangu enzi za mababu zao kupita kwetu na mizigo kichwani wakielekea pwani. Kila asubuhi nilipopita kwenda shule nilimwamkia, "Shikamoo Mzee Maganga," naye akaitika, "Marahaba, mtani. Umeoga leo, au Wasagara bado mnangoja mvua?" Bibi, aliyekuwa akilima nyuma ya kituo, alijibu kwa niaba yangu kutoka huko huko mahindini: "Mwache mtoto! Wewe shingo imezama kifuani kwa kubeba mizigo ya watu, nani alikwambia kuoga kunairefusha?" Wakacheka wote wawili, kila mtu akaendelea na kazi yake.

Kituo chetu kilikuwa kwenye reli ya tawi, kati ya Kilosa na Mikumi, kwenye kijiinuko ambacho ukisimama juu yake unaona bonde lote mpaka vilima vya upande wa pili. Palikuwa na nyumba moja ya matofali, tangi la maji lisilo na maji, na nguzo ya chuma ndefu kuliko mti wowote wa karibu. Juu ya nguzo hiyo kulikuwa na mkono wa bati, na kwenye bega la mkono fremu ya chuma yenye matundu mawili kama miwani: tundu moja kioo chekundu, jingine kijani. Nyuma yake ilikaa taa. Mkono ukinyooka, taa iliangaza kwenye chekundu, maana yake treni isimame. Ukiinama, iliangaza kwenye kijani, treni ipite.

Treni yenyewe sikuwahi kuiona. Bibi alinisimulia kwamba zamani ilisimama pale ikiwa na watu, mikeka, kuku na magunia, na kwamba wanawake waliuza ndizi dirishani na kurudishiwa chenji treni ikishaanza kutembea, wakikimbia nayo. Halafu mvua ilikula tuta upande wa juu, treni zikapungua, mwisho zikaacha. Wafanyakazi wa kituo waliondoka na treni ya mwisho, pamoja na mke wa Mzee Maganga na watoto wake. Yeye peke yake alibaki. Alipewa orodha ya vitu vya kituo, akaambiwa avilinde mpaka watu wa ofisi waje kupokea. Akamwambia mkewe dirishani, na Bibi alisikia kwa masikio yake: "Tangulieni. Nikishakabidhi, nakuja."

Kwa hiyo kila jioni alipanda ngazi ya ile nguzo akaiwasha taa. Mkono aliuacha umenyooka na taa ikaangaza nyekundu, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa na sheria ya njia iliyofungwa ni nyekundu. Hakukuwa na dereva wa kuiona. Lakini waliotoka mashambani waliiona, na wavulana waliochunga mbuzi, na watu wa Chanzuru waliokatisha bondeni wakirudi kutoka mnadani. Ikiwaka, Bibi alisema, "Taa ya Maganga hiyo, kuku ndani," na mimi nilifunga banda. Nilijua kuwa ile taa ni mali ya Mzee Maganga, kama vile mbuzi ni wa mwenye mbuzi. Orodha sikuijua. Ofisi sikuijua. Mtoto akimwona mtu anakifuta kitu kila wiki kwa majivu na ndimu, anajua tu kuwa ni chake.

Na kwa mtani, chako ni changu. Hilo nililijua vizuri kuliko hesabu za kugawanya. Nilimwona Bibi akiingia uani kwa Mzee Maganga mchana kweupe, akamkamata jogoo, akamnyanyua miguu juu na kumwambia mwenyewe aliyekuwa amekaa mlangoni: "Huyu nimemchukua, mtani. Ukitaka nikurudishie, njoo utoe cha kumkomboa." Akatembea zake. Mzee Maganga hakunyanyuka. Wiki iliyofuata alikuja kwetu, akabeba kigoda cha Bibi kichwani, akasema, "Nabeba mizigo, si ndiyo kazi yetu?" Kigoda kilikaa kwake mpaka mvua zikaisha. Hakuna aliyekasirika. Nilimuuliza Bibi, "Mtani akikasirika inakuwaje?" Akaniambia, "Haiwezekani. Akikasirika basi si mtani tena, na sisi tutakuwa nani kwake?"

Niliitwaa hiyo nusu nikaiweka kichwani kama mila nzima.

Idi ilikuwa inakaribia, na kandambili zangu zilikuwa zimekatika vijino vyote viwili. Nilizifunga kwa misumari chini, nikawa natembea nalia kach kach kama baiskeli. Njiani kwenda Chanzuru kulikuwa na Fundi Saidi, fundi baiskeli, ambaye pia alitundika vitu vya kuuza: sabuni, betri, na jozi tatu za kandambili kwenye kamba. Za bluu zilikuwa saizi yangu. Nilishazipima kwa macho siku nne.

Nilimsikia Fundi Saidi akimwambia mteja kuwa taa nyekundu za nyuma ya baiskeli zimeadimika, hata Kilosa mjini hazipatikani.

Jumamosi hiyo Mzee Maganga alikuwa ameishusha fremu kwenye nguzo kuiosha. Kioo chekundu kililegea, akakitoa kabisa ili afute kingo zake, akakianika juu ya gunia. Kisha akachukua ndoo akaenda kisimani. Nilikiinua. Kilikuwa kizito, kinene pembeni, na kimepashwa joto na jua kama yai lililotoka tumboni mwa kuku. Nikakiweka machoni. Mahindi ya Bibi yakawa mekundu, vilima vyekundu, mbuzi wakawa kama wamechunwa. Nilifikiri ndivyo anavyoona dereva wa treni, dunia nzima ikimwambia simama.

Mimi sikusimama. Nilikumbuka tu kuwa mtani husema kwa mdomo anapochukua. Kwa hiyo nilisema. Nilisema, "Mtani, nimekichukua," kwa sauti ambayo hata kuku aliyekuwa miguuni pangu hakugeuza shingo. Nikakifunga kwenye ncha ya khanga, nikaenda.

"Hicho unauza?" Fundi Saidi aliniuliza, mkono tayari umenyooka.

"Inategemea na mnunuzi."

"Haya bwana! Nakupa karanga kopo moja."

"Karanga Bibi analima."

"Makopo mawili."

"Fundi, hiki kioo cha reli. Nenda mpaka Kilosa ukanunue kingine, nakungoja hapa."

Alicheka, akakiangalia juani, akakigonga kwa kucha. "Umekitoa wapi?"

"Kwa mtani wangu."

"Amekupa?"

"Mtani anamnyima mtani?"

Akatingisha kichwa kukubali. Naye ni wa kwetu, amelelewa na mila hiyo hiyo, ingekuwa ajabu aulize zaidi. Nilinyoosha kidole kwenye kamba. Akapiga kelele kuwa nimemmaliza, kwamba nitamfilisi, kwamba hata wachuuzi wa Morogoro hawana roho kama yangu. Nikageuka kama naondoka. Akazitungua. Hiyo ndiyo biashara yangu ya kwanza, na kwa bei niliyotoa na niliyopata, hadi leo sijafanya nyingine yenye faida kubwa hivyo. Nilirudi nyumbani nikitembea kimya. Bibi alipouliza, nilisema Fundi Saidi amenipa kwa kumsaidia kuokota misumari. Bibi akasema, "Mungu amzidishie."

Mzee Maganga alitafuta siku mbili. Alipekua majani, alitikisa gunia, aliingiza mkono kwenye kiota cha kuku. Jioni ya kwanza alipanda nguzo na ile fremu yenye tundu, akawasha taa, akashuka akaitazama kwa mbali. Ilikuwa nyeupe. Bibi akamwambia, "Si kipo cha kijani? Tumia kijani."

"Kijani ni njia salama, mtani. Nimwambie nani njia salama?"

"Hakuna treni, Maganga."

"Ndiyo. Ndiyo maana siwezi kusema ipite."

Akapanda tena akaizima. Haikuwashwa tena. Watu husema ile taa ilizimwa na ofisi, au na mvua, au na uzee wa reli. Ilizimwa na mimi. Jioni zilizofuata Bibi alilalamika kuwa hajui tena saa ya kufunga kuku, na mara mbili kicheche alituwahi.

Nilipokichukua kioo, sikujua kuwa barua ya ofisi ilikuwa imeshafika. Baadaye Mzee Maganga alimweleza Bibi, nami nilikuwepo: watu wa ofisi wanakuja kupokea. Alifunga furushi lake, akaligawa shamba lake la mihogo kwa majirani, akaanza kumwaga utani wa kuaga. "Nikiondoka hapa mtamtukana nani? Mtabaki mnatukanana wenyewe." Mimi nilichukulia kuwa hata furushi ni utani. Tangu nizaliwe alikuwa anaondoka.

Walikuja wawili na gari, wakawekewa meza kivulini mwa nyumba ya kituo. Mmoja alishika orodha, mwingine alishika kalamu. Wazee wachache walikuja kushuhudia, na mimi nikasimama nyuma ya Bibi na kandambili zangu mpya.

"Kengele ya kituo, moja."

"Ipo."

"Bendera, mbili."

"Zipo."

"Taa ya ishara, moja. Kioo kijani, kimoja. Kioo chekundu, kimoja."

Mzee Maganga aliweka fremu mezani. Yule wa kalamu akapitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili.

"Hiki kiko wapi, Mzee?"

Wakati huo huo, na hili sijalitunga kupendezesha, baiskeli ilipita kwenye njia ya chini, na nyuma yake kilimeta kipande chekundu kwenye jua. Fundi Saidi alikuwa amekikata kile kioo vipande vinne, akauza vyote vinne. Mzee Maganga aliifuata ile baiskeli kwa macho mpaka ikapotea. Halafu akashusha macho. Akayaleta taratibu, yakapita kwenye sketi yangu ya shule, yakatua miguuni pangu.

"Kilinivunjikia," akasema.

"Lini?"

"Siku hizi hizi."

"Vipande viko wapi?"

"Nimetupa."

Wale watu hawakuwa wabaya. Walitazamana, mmoja akakuna kichwa. Akamwambia, "Mzee wangu, hatuwezi kupokea pungufu. Andika maelezo, tutayapeleka, utaitwa." Wakapakia kengele na bendera, taa wakamwachia mpaka shauri liishe. Bibi aliwaomba wamsainie tu mtu aende kwake. Mzee Maganga mwenyewe alimkataza. "Nikiondoka bila karatasi nitakuwa nimeiba, mtani. Nimeona waliofuatwa mpaka makwao, mbele ya watoto. Nitangoja."

Gari lilipoondoka alinijia. Nilitaka kukimbia lakini kandambili mpya zinateleza. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mtani, kandambili nzuri hizo."

"Ahsante."

"Ulipunjwa?"

Nikatingisha kichwa kukataa.

"Hakuanza na karanga?"

"Alianza na karanga."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika goti langu asianguke. Nami nikashusha pumzi nikijua yameisha, kwa sababu mtani akicheka yameisha. Ilinichukua nusu ya maisha kuelewa kuwa yule mzee hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Mila ilimfunga mdomo. Katika watu wote wa bonde lile, nilimwibia yule pekee asiyeruhusiwa kunikasirikia. Na Bibi alichukua jogoo mbele ya mwenyewe, akamtazama usoni, akamwachia nafasi ya kukomboa. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya mila, na nilikuwa nikiiona kila siku.

Hakuitwa. Alikwenda Kilosa mara nyingi, kwa miguu mwanzoni, baadaye kwa lifti za matrekta, akiambiwa aje wiki ijayo na watu waliobadilika kila alipokwenda. Alirudi kulima mihogo ile ile aliyokwisha kuigawa. Mimi nilimaliza shule, nikaenda Mikumi kuuza vitunguu vya mtu, kisha vyangu. Siku ya kuondoka nilipita kumuaga. Akaniuliza, "Mtani, huna cha kuniachia?" Sasa naelewa alikuwa ananipa mlango. Nilitoa sukari robo kilo. Akaipokea kwa mikono miwili.

Alipofariki, mwaka wa kumi na tisa wa kungoja, nilifika mazikoni. Kwetu mtani ana kazi yake msibani: hulala njiani mbele ya jeneza, akamzuia marehemu asipite mpaka ndugu zake walipe chochote, watu wacheke kidogo kabla ya kulia. Bibi, na uzee wake, alilala. "Huyu hapiti! Ana kigoda changu!" Tukangoja ndugu walipe. Hapakuwa na ndugu. Hakuna aliyekuwa na anwani yao. Bibi alilala pale kwenye vumbi mpaka ikawa aibu, kisha akajiinua mwenyewe, akafungua ncha ya khanga yake, akatoa sarafu, akajilipa, akasema, "Pita, mtani." Watu hawakucheka. Mimi nilikuwa na pesa mfukoni na sikuzitoa.

Bibi naye alishaondoka, na taa ya Mzee Maganga, aliyoitunza tangu maziko yale, ikabaki juu ya kabati lake, mpaka mwezi uliopita mwanamke mmoja alipokuja kwenye meza yangu ya vitunguu akiuliza kama kuna mtu anayekijua kituo cha zamani cha reli na mzee mmoja Mnyamwezi. Nilimwambia akae. Anaitwa Kalunde. Kidevu ni kile kile cha Mzee Maganga.

"Mimi ni mtoto wake wa pili," alisema. "Tuliambiwa huku alipata mwanamke mwingine. Mama amekufa akijua hivyo. Kaka zangu hawataki hata jina lake lisemwe nyumbani."

"Hakuwa na mwanamke," nikamwambia. "Nakuapia."

"Basi alikaa kwa nini?"

Nikasema, "Kazi, dada. Alikuwa hajakabidhi."

"Miaka yote hiyo? Kazi gani isiyo na treni?"

Nilimwomba arudi nimpe kitu cha baba yake, naye akarudi juzi. Nikaiweka taa mezani, kati ya mizani na vitunguu, na ile fremu pembeni. Alikishika kioo kijani muda mrefu. Halafu akapitisha kidole kwenye tundu la pili, kama yule mtu wa kalamu, kikatokea upande wangu.

"Na hapa palikuwa na nini?"

"Kioo chekundu."

"Kikaenda wapi?"

Mdomo wangu, ambao umewashusha bei matajiri wa magunia mia, ukafunguka ukasema: "Kilimvunjikia."

Uongo ule ule, mara mbili. Na mara zote mbili aliyenufaika ni mimi.

Kalunde ameondoka na taa. Atarudi baada ya mavuno pamoja na kaka zake, ambao amewashawishi kwa shida, kuja kulijengea kaburi. Ameniomba jambo moja. Amesema, "Wewe si mtani wetu? Usimame wewe siku hiyo. Utuzuie njiani, ututukane, tulipe, kama baba alivyostahili." Nilikubali kabla hajamaliza, na tangu hapo silali vizuri.

Maana nimeshaona mwanya, nami ni mtu wa kuona mianya. Siku hiyo nikisimama njiani kama mtani, naweza kusema yote. Naweza kusema, "Nyie Wanyamwezi, baba yenu nilimwibia kioo nikanunua kandambili, ndiyo maana hakurudi, lipeni mpite!" Jina lake litasafika mbele ya wanawe, na hakuna hata mmoja atakayeruhusiwa kunikasirikia. Watalazimika kucheka. Kama yeye.

Au nimwite Kalunde kabla ya siku hiyo, nimkalishe kwenye kiti, nimwambie kama mtu yeyote, bila utani, ili aweze kunikasirikia akitaka, kwa niaba yake, ya mama yake na ya mzee. Na huenda kaka zake wakanifukuza kaburini, na yule mzee akakosa mtani wa kumzuia kwa mara ya pili.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa na watani, mliochukua na kuchukuliwa, nishaurini. Mavuno hayako mbali. Vitunguu vya Malolo vimeshaanza kuingia sokoni, nimevihesabu leo asubuhi, magunia kumi na manne, na nilipovihesabu tena yalikuwa kumi na manne.